Chalbi haina njia ya mkato

Na Mwandishi Wetu, Busia

MARA ya kwanza kuijua barabara ya Moyale ilikuwa mwaka 2003, nikiwa nimekaa juu ya vyuma vya lori la ng'ombe, mifugo ikisukumana chini ya miguu yangu na vumbi limenijaa hadi kwenye meno. Wakati huo nilikuwa nikipeleka viatu vya mitumba na shuka kutoka hapa Busia, nikirudi na pesa kama Mungu amejalia. Malori yalikwenda kwa msafara, polisi wenye bunduki wakiwa nasi, na kutoka Isiolo hadi Moyale siku mbili zilikuwa za mwenye bahati. Mvua ikinyesha, hakuna aliyehesabu siku tena.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponieleza mapema mwaka 2024 kwamba anataka twende huko huko, tulale kwenye mahema na kutembea kwa miguu kwa kujifurahisha tu, nilimuuliza kama jua la Muscat limempiga kichwani.

Hakuwa akitania. Kijana huyu amekaa Oman miaka tisa akiendesha magari ya watu, na kila mwisho wa wiki alikuwa akipeleka watalii kwenye milima ya mchanga ya Wahiba. Alirudi nyumbani na akiba yake, Land Cruiser moja kuukuu aliyoinunua Kampala, na mpango ulioandikwa kwenye daftari: kununua gari la pili, mahema kumi, majiko ya gesi, kisha kuwazungusha wageni katika mbuga za jangwani kaskazini mwa Kenya. Malipo ya kwanza ya hilo gari la pili alikuwa ameshatoa. Yaliyobaki yalitakiwa mwisho wa Juni.

Wasomaji wetu waliorudi kutoka nje wanaijua hadithi hii. Pesa ya miaka tisa inaweza kwisha kwa miezi tisa, na ndugu wote wanatazama. Dada yangu, mama yake, ndiye aliyenituma. "Nenda naye ukaone kwa macho yako," alinambia. "Ukirudi useme kama ni biashara au ni mchezo."

Tuliondoka Busia mwanzoni mwa Juni.

Mpakani hakukuwa na taabu. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi mwaka 2018, karatasi zote unazimalizia upande mmoja. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Gari ndilo lenye mambo: kibali cha muda cha kuliingiza, na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo wenzetu wa malori wanaijua vizuri kuliko mimi. Mpwa wangu alikuwa nazo zote ndani ya bahasha ya plastiki. Hapo nilimpa alama ya kwanza.

Alama ya pili nilimnyima siku hiyo hiyo. Njiani alinunua tairi la akiba kwenye duka moja ambalo sitalitaja, akaambiwa ni jipya. Usiku, tulipolimulika kwa tochi, tulikuta nyufa ndogo pembeni zimefunikwa kwa rangi nyeusi ya kung'arisha. Tairi la zamani lililopakwa rangi, hilo ndilo tulilobeba jangwani.

Lami hadi mlimani

Kutoka Isiolo kwenda Moyale ni kama kilomita 500, na tangu lami ikamilike mnamo 2017 mtu anaweza kuzimaliza kwa siku moja. Nilitazama dirishani kama mgeni. Archers Post, Merille, Laisamis, mahali ambapo zamani tulikuwa tukishuka kusukuma lori, sasa yanapita kabla hujamaliza kula ndizi. Baada ya Archers Post unauona mlima Ololokwe, mwamba mkubwa uliokatwa juu kama meza. Vijana wa Kisamburu huwapandisha wageni hadi kileleni, wengine hulala huko huko. Sisi hatukupanda, maana mpwa wangu alikuwa na haraka ya kuona mchanga.

Hifadhi ya Marsabit haifanani na jangwa hata kidogo. Ni mlima wa volkano uliosimama peke yake katikati ya ukame. Asubuhi ukungu unaushika na msitu unachuruzika maji, wakati kilomita chache chini yake mbuzi wanatafuta jani. Hapa ndipo alipoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu kiasi kwamba Rais Jomo Kenyatta alimpa ulinzi wa amri maalumu. Alikufa mwaka 1974 akiwa mzee, si kwa risasi, na mfano wake mpaka leo umesimama katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Tulipiga hema kwenye uwanja wa kambi, na kesho yake tukatembea na askari wa wanyamapori hadi Ziwa Paradise, lililojikusanya ndani ya shimo la volkano. Bila askari mwenye silaha hairuhusiwi kutembea, kwa sababu ya ndovu na nyati. Wapiga picha wa Marekani, Martin na Osa Johnson, walijenga nyumba zao kando ya ziwa hilo wakakaa kuanzia 1924 hadi 1927. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2023 na zile za masika ya 2024, maji yalikuwa mengi. Mwendo ulikuwa wa saa tatu hivi, njia ina utelezi, na mimi na tumbo langu la duka tulifika wa mwisho.

Kuhusu ada, mlangoni hawapokei pesa taslimu. Unalipa kwa mtandao wa serikali, na raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao kilicho chini sana ya kile cha mgeni wa Ulaya, mradi aonyeshe kitambulisho. Lipia ukiwa bado mjini penye mtandao. Ukifika kwenye lango la jangwani simu inakuwa tochi.

Marsabit ndipo pa kujaza kila kitu. Mafuta yapo mbele pia, lakini mengi ni ya kuuzwa kwenye mitungi, bei ni ya muuzaji na usafi wake ni wa Mungu. Tulijaza matangi yote mawili. Maji tulichukua lita 60 kwenye jerikeni tatu. Mimi nilitaka lita 100. Kwa joto la huko mtu mmoja anakunywa lita tano au zaidi kwa siku, hujapika wala hujanawa, na rejeta la gari nalo lina fungu lake. Mpwa wangu alisema gari litakuwa zito, tutajaza tena North Horr.

Hapo Marsabit tulimchukua pia kijana mmoja wa Kigabra wa kutuongoza, mzaliwa wa upande wa Kalacha, aliyemaliza shule na kurudi kwenye ngamia za baba yake. Nashukuru hadi leo kwamba katika jambo hilo nilisimama imara.

Maikona hadi Kalacha

Ukiacha lami na kuelekea magharibi, unashuka kwenye mawe meusi ya volkano, makali kama chupa zilizovunjwa, maili baada ya maili. Ndipo tairi letu la kwanza lilipopasuka, na lile lililopakwa rangi likafungwa mahali pake. Mawe hayo hayataki upepo mdogo kwenye matairi, kwa sababu ubavu wa tairi unapanuka na kukatika. Mchanga nao hautaki upepo mwingi. Njia yenyewe inabadilika mara nne kwa siku, kwa hiyo pampu ndogo ya upepo ni chombo cha lazima kama jiko.

Kalacha ni kijiji chenye chemchemi na mikoma, pembeni kabisa mwa jangwa la Chalbi. Tulilala chini ya mikoma hiyo. Jioni ngamia walikuja kunywa kwa mamia, kila kundi na zamu yake, na hakuna aliyegombana. Kijana wetu alitueleza kwamba Wagabra huleta mifugo yao Chalbi makusudi, ile chumvi ya ardhini ni dawa na chakula kwa ngamia. Alitusimulia pia ukame ulioanza mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo mvua zikishindwa. Baba yake alibaki na ngamia wachache na mbuzi wa kuhesabika kwa vidole. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, huku akitukanza viatu tusiviache nje ya hema, maana nyoka wadogo wa mchangani na nge hupenda kujificha humo.

Mpwa wangu alikuwa amekaa juu ya boneti akilitazama jangwa lenyewe. Ukiliona mara ya kwanza, Chalbi inakufunga mdomo. Ni tambarare nyeupe isiyo na kichaka wala jiwe, ambayo mwisho wake hauonekani, na mbali unaona maji yanayometameta ambayo si maji. Zamani za kale ilikuwa ziwa. Mvua kubwa ikija, huwa ziwa tena kwa muda.

"Mjomba," alisema, "hapa naweza kuendesha nimefumba macho."

Mstari ulionyooka

Njia ya kwenda North Horr inazunguka ukingoni. Si nzuri, ina mchanga na mashimo, na inakuongezea muda. Lakini ukitazama ramani ya simu, mstari ulionyooka unakata katikati ya weupe ule, na kulikuwa na alama za matairi zilizoingia huko.

Kijana wa Kigabra alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Kaka, hapa wazee wanazunguka."

"Mchanga ni mchanga," mpwa wangu akamjibu. "Mimi nimekaa kwenye mchanga miaka tisa."

Yule kijana akanyamaza. Nami pia nilinyamaza, na hilo ni kosa langu, kwa sababu nilitumwa na mama yake kuangalia, si kufurahia mandhari.

Mwanzo tulikwenda kama tuko kwenye uwanja wa ndege, gari halitikisiki. Kisha rangi ya ardhi ikabadilika kidogo, kutoka nyeupe hadi kijivu, na usukani ukawa mzito. Dereva wa mchangani amefundishwa kwamba akihisi uzito asisimame, akanyage mafuta, kwa sababu kwenye mchanga mwendo ndio unaokuokoa. Akakanyaga. Ganda la juu likapasuka, magurudumu ya nyuma yakazunguka mahali pamoja, na kabla sijasema lolote gari lilikuwa limekaa kwa tumbo.

Nilipofungua mlango na kushuka, mguu ulizama hadi juu ya kifundo. Chini ya ile chumvi nyeupe, unene wa kidole kimoja au viwili, kulikuwa na tope la kijivu linalonata kama unga wa ugali uliopikwa vibaya. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha juu, chini bado zilikuwepo.

"Hii si mchanga, kaka," kijana wetu alisema, na hakuwa na ushindi wowote katika sauti yake. "Hii ni chumvi juu ya tope."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Tulipunguza upepo kwenye matairi, tukachimba kwa sepetu, tukaweka jeki. Jeki ikazama. Ubao wa kuweka chini ya jeki hatukuwa nao. Kule Oman, alisema mpwa wangu, huendi jangwani na gari moja, wanakwenda mawili au matatu ili moja livute jingine. Nilimuuliza kwa nini basi sisi tumekuja na moja. Hakujibu, naye alikuwa na haki ya kutojibu kwa sababu jibu tulilijua wote: gari la pili lilikuwa bado halijalipiwa.

Saa saba nilikwenda kuchukua maji. Jerikeni mbili zilikuwa zimekwisha tangu Kalacha, tulikuwa tumepika na kunawa kama watu wa mjini. Ya tatu niliinua kwa mkono mmoja. Ilikuwa imesuguana na ukingo wa chuma njia nzima kutoka Marsabit, ikatoboka tundu dogo kama la sindano, na maji yamekuwa yakidondoka nyuma yetu siku nzima. Tulipima kwa kikombe. Zilibaki kama lita 11, watu watatu, na jua limesimama utosini.

Sikuwahi kuogopa juu ya lile lori la ng'ombe namna nilivyoogopa hapo. Kwenye lori tulikuwa wengi.

Mpwa wangu alitaka kutembea kurudi Kalacha. Kijana wa Kigabra alimkatalia, na safari hii hakusema kwa sauti ya chini. Mchana hakuna anayetembea, alisema. Alituamuru tuingie chini ya turubai tulilofunga ubavuni mwa gari, tusichimbe, tusizungumze sana, tunywe kidogo kidogo lakini tunywe. Watu wengi, alisema, wamekutwa jangwani wakiwa wafu na maji kwenye chupa, kwa kuyawekea akiba.

Tulilala hapo saa tatu. Wakati wote huo yeye alikuwa akitazama upande mmoja. Mimi sikuona kitu. Saa kumi alisema wale ni ngamia, akachukua fimbo na chupa moja ya maji, akaondoka akikanyaga mahali palipo peupe tu.

Bei ya kutoa gari

Alirudi jua likizama, pamoja na mzee mmoja, vijana wawili na ngamia watatu waliobeba nguzo za nyumba. Wagabra huhama na nyumba zao mgongoni mwa ngamia, fito, ngozi na mikeka. Nguzo hizo ndizo zilizokuja kuwa ubao wetu.

Salamu kwao haikatizwi hata gari likiwa linazama. "Nagaya," amani, na mifugo ina amani, na watoto wana amani, na mvua je. Mpwa wangu alikuwa akihangaika miguu. Mzee alikuwa akimtazama yeye huku akinisalimia mimi.

Kisha tukaja kwenye bei. Nilitoa pochi. Kijana wetu akatafsiri na mzee akatikisa kichwa. Pesa angechukua baadaye, na kweli alichukua, tena hakutaka punguzo. Alitaka kwanza jambo jingine. Mjukuu wake, mtoto wa miaka miwili hivi, alikuwa akihara na kutapika kwa siku mbili. Zahanati iko North Horr. Kwa ngamia ingekuwa safari ya usiku kucha na sehemu ya mchana. Walikuwa wanajiandaa kuondoka walipomwona kijana wetu akija.

Tulifanya kazi hiyo kwa mwezi na tochi. Walitandaza ngozi mbili kuukuu chini ya jeki, gurudumu likainuka, fito zikapangwa chini yake kama ngazi, kisha gurudumu la pili. Mzee hakugusa kitu, alikuwa akielekeza kwa fimbo. Alimwambia mpwa wangu asikanyage mafuta, aende pole pole kwa gia ya nguvu, kama anayemwongoza ngamia mjamzito. Mara mbili gari liliteleza pembeni ya fito, tukaanza upya. Mara ya tatu likatoka, likarudi nyuma juu ya alama zake lenyewe hadi kwenye weupe mgumu.

Kambi yao ilikuwa ukingoni, kama saa moja kwa miguu. Tulimchukua mtoto na mama yake tukazunguka ile njia ya wazee usiku ule ule. Mama alikuwa akimpa mtoto maji yetu yaliyobaki kwa kifuniko cha chupa, nusu kifuniko kila mara. Hakuna aliyezungumza. Lile tairi lililopakwa rangi lilishikilia hadi tukaona taa za North Horr, na sijui kwa nini, maana mchana wa pili lilipasuka likiwa limesimama tu.

Mtoto alitundikiwa maji kwenye mshipa. Alfajiri alilia kwa nguvu, muuguzi akasema hiyo ndiyo sauti tuliyokuwa tukiisubiri.

Sibiloi na upepo wa ziwani

Baada ya hapo sikutarajia kuendelea, lakini mpwa wangu ndiye aliyeomba. Tulilala North Horr siku mbili, tukanunua tairi kwa dereva wa lori, mbao mbili, na jerikeni tatu zaidi. Kisha tukaenda Sibiloi kupitia lango la Karsa, kijana wetu akiwa amekaa mbele na mimi nyuma.

Hifadhi hii ilitengwa mwaka 1973, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,570, na inapakana na Ziwa Turkana. Pamoja na kisiwa cha Kati iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1997, kisiwa cha Kusini kikaongezwa 2001. Mwaka 2018 UNESCO iliihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, sababu kubwa ikiwa bwawa la Gibe III kwenye mto Omo wa Ethiopia, mto unaoleta karibu maji yote ya ziwa hilo.

Wageni ni wachache mno. Kwa siku mbili hatukukutana na gari jingine la watalii. Tulitembea asubuhi kati ya magogo ya miti iliyogeuka mawe, unaona gome, unaona pete za mti, ukigonga linalia kama chuma. Hapo palikuwa na msitu na mito, mamilioni ya miaka iliyopita. Koobi Fora iko ndani ya hifadhi hiyo, mahali alipoanza kuchimba Richard Leakey mwaka 1968. Fuvu maarufu lenye nambari 1470 lilipatikana 1972 na Mkenya, Bernard Ngeneo, jambo ambalo vitabu vingi hulitaja haraka haraka. Mpwa wangu, ambaye kule Oman alikuwa akiwaonyesha wageni mchanga na machweo tu, alikaa karibu na magogo yale muda mrefu. Alisema hapa kuna kitu cha kueleza.

Nyamera na choroa tuliwaona, na mamba wengi sana ufukweni, kwa hiyo hema hupigwi karibu na maji hata maji yakikuita. Kuni hukati. Miti ni michache na kila mmoja una mwenyewe, awe mtu au mnyama. Tulipika kwa gesi.

Loiyangalani, upande wa kusini-mashariki wa ziwa, kulitupa somo la upepo. Mchana kumetulia, watoto wa El Molo wanaogelea. Usiku upepo unateremka kutoka mlima Kulal, wenye urefu wa mita 2,285, na hema letu la bei ghali kutoka Muscat lilikunjwa kama mwavuli. Tulimalizia usiku ndani ya gari. Kijana wetu alikuwa amejilaza nyuma ya ukuta wa mawe tangu jioni, amejifunika shuka. Alituona tukihangaika na vigingi, akatuuliza kama tunataka msaada, na mpwa wangu akasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Upepo huo huo ndio unaoendesha mitambo 365 ya umeme iliyoko Sarima, ambayo tuliipita kesho yake tukienda Laisamis. Barabara hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mradi huo na ni nzuri. Kijana wetu alitueleza kwamba mwaka 2021 mahakama mjini Meru iliamua hati za ardhi ya mradi zilitolewa bila kufuata sheria, wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Alisema hivyo akiangalia nje. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, lakini nilimwona mpwa wangu akipunguza mwendo.

Tulipomshusha Marsabit walizungumza pembeni, wao wawili, karibu saa nzima, huku mimi nikinywa chai na kujifanya nasoma gazeti.

Busia dada yangu alikuwa ameshapika. Alinitazama mimi, si mwanawe. Nilimwambia biashara ipo, lakini si ile iliyoandikwa kwenye daftari. Mpwa wangu mwenyewe akamweleza yaliyobaki: gari la pili hatalinunua, atapoteza sehemu ya malipo ya kwanza na ameshakubali. Atakodi gari la pili Marsabit kwa kila safari, kutoka kwa wenyeji. Yule kijana wa Kigabra si mwongozaji wa kulipwa kwa siku, ni mshirika, na njia ataichagua yeye. Miezi ya safari ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, na Juni yenyewe iwe ni baada ya kumpigia simu mzee kule ukingoni kumuuliza ardhi imekaukaje chini.

Dada yangu aliuliza mtoto yule anaendeleaje. Hilo ndilo swali pekee alilouliza.

Asubuhi nilimkuta mpwa wangu amelala chali chini ya Land Cruiser na ndoo ya maji, akikwangua tope la kijivu lililoganda kwenye chesesi. Ile chumvi inakula chuma usipoiosha mapema. Alikwangua siku mbili.